Uyoga wa Haraka Unapoharibika Jikoni: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Mamama, yaani uyoga chaza (oyster), ni mboga ya dakika kumi. Unauchana kwa mkono, unaukaanga, unauweka pembeni ya ugali, wali au chapati, na watu wanakula. Malalamiko ya wanaoupika ni yaleyale kila mara: umetoa maji, umekuwa mpira, unanuka, umekunywa mafuta yote. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, anza na chanzo kilichotajwa kwanza maana ndicho kinachotokea zaidi, na ukague jambo jepesi kabla ya kuhangaika na zito. Ukikuta neno SIMAMA, acha kupika au acha kula, kisha fuata maelezo yake.

Maelezo mengi yanahusu mamama, kwa kuwa ndio uyoga unaolimwa na wakulima wadogo na kupatikana kwa urahisi. Shitake (wa kofia pana ya kahawia), enoki (wa mashina meupe membamba kama nyuzi), uyoga wa vifungo (ule mdogo wa kofia ya mviringo) na eringi (ule wa shina nene jeupe na kofia ndogo) vimetajwa pale vinapohitaji mkono tofauti.

Kipimo: unavyotakiwa kwenda ukienda vizuri

Kwa watu wawili au watatu chukua gramu 250 za mamama, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, robo kijiko cha chai cha chumvi, punje mbili za kitunguu saumu zilizokatwakatwa na kipande cha ndimu. Kikaango kiwe kizito na kipana, sentimita 26 hadi 28. Kata kitako kigumu cha shada, kisha chana kofia kwa kufuata mikunjo yake, vipande vya upana wa vidole viwili.

Pasha kikaango kikavu mpaka tone la maji likidondoka lirukeruke na kupotea. Tandaza nusu ya uyoga, safu moja, bila mafuta, na usiuguse kwa dakika mbili. Sikiliza. Mwanzoni mlio ni wa kuchemka, mzito, wenye mvuke. Vipande vinanywea, maji yanatokeza pembezoni na kutoa mapovu madogo ya kijivu. Geuza. Baada ya dakika moja au mbili mapovu yanaisha na mlio unabadilika, unakuwa mkavu na mwembamba. Hapo ndipo kijiko cha mafuta kinapoingia. Acha dakika tatu hadi nne, ukigeuza mara mojamoja, mpaka kingo ziwe za kahawia. Toa, kaanga nusu ya pili vivyo hivyo, kisha rudisha wote kikaangoni na chumvi na kitunguu saumu kwa muda usiozidi dakika moja. Epua, kamulia ndimu.

Maji kwanza, mafuta baadaye, chumvi mwisho. Karibu asilimia 90 ya uzito wa uyoga mbichi ni maji, kwa hiyo gramu 250 zimebeba maji yanayokaribia kujaza kikombe kizima. Yakiwa bado kikaangoni, joto la chakula haliwezi kupanda zaidi ya nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu nzuri inahitaji nyuzi 140 hivi. Mpaka maji yatoke unachemsha, hata kama mwenyewe unaita kukaanga.

Jambo jingine la kuujua uyoga: kuta za chembe zake zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la kamba, na kaitini haiyeyuki kwa moto wa jikoni. Mchicha ukizidishiwa dakika tano unalegea wote. Uyoga ukizidishiwa dakika tano bado una umbo lake. Usiogope kuupika. Makosa mengi yanatokana na kuuepua mapema.

Dalili ya 1: Umejaa maji, umekuwa mchuzi wa kijivu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote.

*Kikaango kimejaa kupita kiasi.* Angalia: je, unaona chuma kati ya vipande? Kama vimelaliana, mvuke wa vya chini unanasa kwenye vya juu na kurudi maji. Toa nusu, weka kwenye sahani, endelea na iliyobaki. Kilo moja kwenye sufuria moja haitakaangika hata ukiwa na moto wa namna gani, na hapa ndipo wapishi wa shughuli wanapokwama. Dawa yake ni vikaango viwili au awamu nne.

*Moto hautoshi.* Kwenye jiko la mkaa, makaa yawe yameiva yote, mekundu, na kile kidirisha cha chini cha kupitisha hewa kiwe wazi kabisa. Ukianza makaa yakiwa nusu meusi, yatakapokolea uyoga utakuwa umeshajichemshia. Kwenye mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, moto unapiga katikati tu. Sogeza na kuzungusha kikaango kila nusu dakika ili kingo nazo zipate.

*Umefunika.* Mfuniko unarudisha kila tone. Ondoa.

*Chumvi imeingia mapema.* Chumvi inavuta maji nje kwa mkupuo kabla kikaango hakijamudu kuyakausha. Kwa kikaango kipana na moto mkali hutaona tofauti kubwa. Kwa sufuria nyembamba ya aluminiamu utaiona mara moja.

*Umeulowesha.* Kusuuza haraka na kukung'uta hakuongezi maji ya kuhesabika. Kuloweka kwenye beseni kunaongeza, hasa kwa mamama, kwa kuwa mikunjo ya chini ya kofia inashika maji kama sifongo. Ukiwa umeshaulowesha, ukamue taratibu kwa kitambaa safi kabla ya kuuweka motoni.

*Uliwahi kugandishwa.* Barafu inapasua chembe, na ukiyeyuka maji yote yanamwagika kwa pamoja. Usiuyeyushe. Utie kikaangoni ukiwa bado mgumu, moto mkali, kidogokidogo.

Kuokoa uliokwisha kuwa mchuzi: usimwage. Kijiko kikubwa, chota maji uyaweke bakulini, kausha uyoga kikaangoni, tia mafuta, kaanga. Uyoga ukishapata rangi, rudisha yale maji kijiko kwa kijiko yakaukie humo. Ladha iliyokuwa imetoka inarudi ikiwa imejifunga juu ya vipande. Ukiwa na haraka, geuza mpango: tia nyanya na kitunguu, uwe rosti, uliwe na wali.

Dalili ya 2: Mgumu, unatafunika kama mpira

*Kitako hakikukatwa.* Pale mashina ya mamama yanapokutana, sentimita mbili hivi za chini, ni pagumu na hapalainiki. Bana kwa kidole: pasipobonyea, pakate. Usitupe, chemsha nusu saa upate supu ya kupikia wali. Shina la shitake ni hivyohivyo, kata lote mpaka kwenye kofia. Shina la eringi ni kinyume chake, ndilo linaloliwa.

*Umepikwa moto mdogo muda mrefu bila kuwa na maji wala mafuta ya kutosha.* Unakauka nje kabla ya kupata rangi, unabaki ngozi. Tia maji vijiko viwili, funika dakika mbili, funua, yakauke, ongeza mafuta kidogo, malizia kwa moto mkali.

*Uyoga umezeeka.* Kofia changa zimejikunja kingo kuelekea chini. Zilizozeeka zimejipindua juu kama mwavuli ulioshindwa na upepo, kingo zimechanika na nyepesi. Hizo ni nzima kuliwa kama hazinuki, ila zikatwe nyembamba na zipikwe kwenye mchuzi.

*Vipande ni vinene mno.* Kwa eringi hasa. Kata urefu, unene wa sentimita moja, chora mistari ya msalaba kwa ncha ya kisu, kandamiza kwa sufuria nyingine yenye uzito mpaka upande mmoja uwe wa kahawia, ndipo ugeuze. Uzito unagusisha uyoga na chuma sawasawa na kusukuma maji nje.

*Shitake iliyokaushwa haikulowekwa vya kutosha.* Nusu saa kwenye maji ya moto inalainisha ukingo huku kitovu kikibaki kikavu. Maji ya baridi kwenye friji, saa sita hadi nane, yanatoa uyoga laini na ladha pana. Kata kofia moja katikati uangalie: rangi iwe moja tangu nje hadi ndani. Maji ya kulowekea yachuje kwa kitambaa uyatumie. Sehemu kubwa ya ladha imo humo.

Dalili ya 3: Unateleza, una utelezi

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa jina tu.

Ukiteleza kabla ya kupikwa, gusa na unuse. Unyevunyevu mwepesi unaokauka ukiupangusa, bila harufu, ni jasho la mfuko wa plastiki. Utandaze kwenye karatasi dakika kumi, pika leo. Utelezi unaovutika kidoleni kama bamia, wenye madoa ya kahawia iliyokolea na harufu chachu, ni bakteria. SIMAMA, tupa wote. Kuuosha kunaondoa utelezi, hakuondoi kilichousababisha, na kuupika hakuurudishi kuwa chakula salama.

Ukiteleza baada ya kupikwa, haujaiva. Uliufunika, au uliuepua wakati maji yanatoka. Urudishe kwenye moto, wazi. Aina zenye utelezi wa asili, enoki ikiwemo, zinafaa zaidi kwenye mchuzi kuliko kukaangwa pekee.

Dalili ya 4: Mchungu

*Kitunguu saumu kimeungua.* Karibu mara zote. Kimeingia na mafuta mwanzoni, kimekaa dakika sita kwenye moto wa uyoga, kimekuwa cheusi. Hakuna dawa ya kukitoa. Okota vipande vyeusi, tia ndimu na sukari ya kubana kwa vidole, kesho ukitie dakika ya mwisho.

*Vumbi la mapovu limeungua chini.* Ule mchuzi wa awamu ya kwanza unaokauka na kuwa mweusi kwenye kikaango. Pangusa kati ya awamu moja na nyingine kwa kitambaa kikavu.

*Uyoga wenyewe ni wa zamani.* Onja kipande kilichoiva kutoka pembeni. Uchungu wa uzee ni mwepesi na unakuja mwishoni mwa ulimi.

Kama uyoga umetoka porini na una uchungu au unawasha mdomoni, SIMAMA, tema, usimeze, usiendelee kuonja ili kuhakikisha. Wala utamu si kibali: upo uyoga wenye sumu ya kuua ambao hauna uchungu hata kidogo.

Dalili ya 5: Unanuka

Mamama mzuri unanukia msitu baada ya mvua, pengine na kaharufu kepesi ka bizari tamu. Harufu zinazoulizwa zaidi ni hizi.

Harufu ya samaki: ikitoka kwa mamama wa waridi, ni asili yake, hupungua ukikaangwa mpaka uwe mkavu kingo. Usishangae pia rangi ikipotea. Waridi na ya njano zote hufifia motoni. Ikitoka kwa mamama mweupe au wa kijivu, umeanza kuharibika.

Harufu ya amonia, ile ya banda la kuku lisilosafishwa: SIMAMA, tupa. Uyoga unaendelea kupumua baada ya kuvunwa, na ukifungiwa kwenye plastiki isiyo na matundu unajichemsha kwa jasho lake. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, mamama usio kwenye friji upikwe siku uliyonunuliwa. Kwenye friji, mfuko wa karatasi au chombo kilichofunikwa kwa kitambaa, nyuzi 2 hadi 4, unakaa siku tano, wakati mwingine hadi saba. Usiuweke droo moja na samaki. Unachukua harufu ya jirani.

Je, kuna utando mweupe kama pamba kwenye shina au juu ya kofia? Wengi wanautupa uyoga mzima kwa sababu yake, na inauma kuona chakula kizuri kikienda jalalani. Ukiwa mweupe safi, umeshikana na uyoga, na hakuna harufu wala utelezi, ni nyuzi za uyoga wenyewe zinazoendelea kukua. Pangusa, pika. Ukiwa wa kijani, mweusi au wa rangi ya chungwa, ni ukungu mwingine; tupa.

Dalili ya 6: Umekunywa mafuta yote, unanata

Uyoga mbichi una mianya ya hewa tele. Ukitia mafuta kabla maji hayajatoka, yanaingia kwenye mianya, kikaango kinabaki kikavu, unaongeza, yanaingia tena. Baadaye uyoga unaponywea, unayatema yote sahani nzima. Wapishi wanazidisha mafuta mara tatu namna hiyo bila kujua.

Ukishafika hapo, usiongeze. Tia maji vijiko vitatu, acha uchemke dakika tatu. Mianya inaporomoka, mafuta yanatoka yenyewe, na maji yakikauka unaendelea kukaanga kwa mafuta hayohayo. Hata ukianza na maji tangu mwanzo, kabla ya mafuta, matokeo ni mazuri. Kwa sufuria nyembamba inayounguza, tunaipendelea njia hii kuliko ya kikaango kikavu.

Tahadhari kwa vikaango vyenye utando usioshika chakula: usivipashe vitupu kwenye moto mkali. Utando ukipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Weka uyoga na maji vijiko viwili kikaango kikiwa bado vuguvugu, ndipo upandishe moto.

Dalili ya 7: Mchanga unasaga meno

Mamama wa mfukoni hauna mchanga. Unachokuta ni pumba za mbao au maganda ya pamba kutoka mfuko uliooteshewa. Pangusa na ukate kitako. Uyoga wa vifungo unaoteshwa kwenye mboji na kufunikwa udongo, hivyo pangusa kwa kitambaa chenye unyevu.

Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine. Unakusanywa mvua zinapoanza, kofia zake zimefunikwa tope, na mzizi wake mrefu unashuka mpaka kwenye kichuguu. Kwangua mzizi kwa kisu, kisha tumbukiza uyoga kwenye maji mengi, tikisa sekunde kumi, uchote kwa mikono uuweke kwenye chujio. Usimwage maji na uyoga kwa pamoja, mchanga uliozama utarudi juu yake. Rudia mpaka kiganja kikipita chini ya beseni kisikute chembe. Kausha juu ya kitambaa nusu saa kabla ya kukaanga.

Dalili ya 8: Hauna ladha

Onja kwanza kwa chumvi. Mara nyingi imepungua tu, maana mpishi amehofia uyoga utanywea. Kisha angalia rangi: uyoga mweupe umechemshwa, rudisha motoni. Baada ya hapo ndimu, au kijiko cha chai cha sosi ya soya kikaukie kikaangoni. Uyoga wa vifungo ni mpole kuliko mamama, na shitake iliyokaushwa iliyosagwa, nusu kijiko cha chai, inauinua kabisa.

Rangi nyeusi ni suala dogo. Uyoga wa vifungo ukikatwa na kuachwa unakuwa wa kahawia kama tunda la tufaha, hauna ubaya. Ndimu au nyanya kwenye kikaango cha chuma cha kusubu kisichokolezwa vizuri hutoa rangi ya wino na ladha ya chuma, kwa hiyo kamulia ndimu sahanini.

Dalili ya 9: Tui la nazi limekatika

Uyoga wa nazi ni mtamu mno kuachwa nje, na kosa lake ni moja: umeona mafuta yakielea na chenga nyeupe zikizama. Kwa kawaida tui zito limechemka kwa nguvu. Chanzo cha pili ni maji ya uyoga, yaliyomo kwa sababu haukukaushwa, yakakulazimisha uchemshe sana ili mchuzi uwe mzito. Cha tatu ni ndimu au nyanya mbichi iliyoingia pamoja na tui.

Kaanga uyoga mpaka ukauke. Tia tui jepesi, kikombe kimoja kwa gramu 250, chemsha mpaka libaki nusu. Hili linavumilia moto. Punguza moto, tia tui zito nusu kikombe, koroga kwa kupandisha upawa na kulimimina, upande mmoja, bila kuacha, na epua mara linapoanza kutetemeka pembeni. Ndimu mezani. Tui lililokwisha kukatika linaokolewa kiasi: changanya kijiko cha chai cha unga wa mahindi laini au wanga na maji baridi vijiko viwili, mimina huku ukikoroga moto mdogo. Litashikana tena, ingawa ule ulaini wa hariri hautarudi wote.

Dalili ya 10: Tumbo au ngozi inalalamika baada ya kula

Hapa tafadhali soma yote, usiruke.

*Haukuiva.* Ndicho chanzo cha kawaida kwa uyoga wa dukani: gesi, tumbo kujaa, kuharisha kidogo saa chache baadaye. Pika mamama kwa jumla ya dakika nane hadi kumi, mpaka usiwe na maji. Mamama mbichi haufai kwenye kachumbari. Enoki nayo ipikwe mpaka iwe ya moto kabisa: mlipuko wa listeria, ugonjwa wa bakteria wa kwenye chakula, ulioripotiwa Marekani mwaka 2020 uliunganishwa na enoki, watu 36 wakaugua na 4 wakafariki. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasile enoki mbichi kamwe.

*Umekula mwingi mara ya kwanza.* Anza na kiasi cha ngumi moja uone mwili unasemaje. Wapo wachache ambao utumbo wao haumudu sukari iliyomo kwenye uyoga. Kwao tatizo hurudi kila mara hata uyoga ukiwa mzuri.

*Upele wa mistari.* Mtu amekula shitake mbichi au ambayo haikuiva, na siku moja hadi tatu baadaye mgongo na mikono inatoka mistari myekundu inayowasha, kama aliyechapwa bakora. Madaktari wa Japani waliueleza tangu 1977. Hupona wenyewe ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache, lakini apite kituo cha afya apate dawa ya muwasho, na shitake yake ipikwe sawasawa siku zijazo.

*Kiporo.* Uyoga uliopikwa unaweza kupashwa moto; ule usemi kwamba kiporo cha uyoga ni sumu umetoka nyakati za kukosa friji. Uwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, uliwe ndani ya siku tatu, upashwe mpaka ufuke mvuke.

*Uyoga uliowekwa kwenye mafuta.* Uyoga na kitunguu saumu vikizamishwa kwenye mafuta na chupa ikaachwa kabatini, ndani hamna hewa, hamna uchachu, na bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu ya kupoozesha misuli, wanapata makao. Haunuki wala haubadiliki rangi. Uweke kwenye friji na umalize ndani ya siku nne. Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope zikashuka, au akashindwa kumeza, SIMAMA, hospitali mara moja.

*Mzio.* Midomo kuvimba, vipele kuenea haraka, pumzi kubana: hospitali sasa hivi, usisubiri ipungue.

*Uyoga wa porini uliodhaniwa kuwa mwingine.* Sumu za uyoga hatari zaidi, amatoksini, haziharibiwi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Majaribio yanayosimuliwa vijijini na mijini hayana msingi: kijiko cha fedha kugeuka cheusi, kitunguu kubadilika rangi, wadudu au mbuzi kuula bila kudhurika. Hakuna hata moja linalotenganisha mzuri na mbaya. Anayeujua ni aliyefundishwa aina hiyo kwa macho na mikono, mahali hapohapo unapoota. Yeye naye akiwa na shaka, unaachwa ulipo. Usiupike uyoga wa porini ulionunua kwa mtu usiyemjua umekatwa vipande, kwa sababu kitako na shina ndivyo vinavyoonyesha alama nyingi za hatari.

Dalili za amatoksini huchelewa. Mara nyingi ni saa 6 hadi 24 baada ya kula ndipo tumbo linakata, mtu anatapika na kuharisha maji. Kisha, siku ya pili, anapata nafuu. Anakaa, anakunywa uji, nyumba nzima inapumua. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Nafuu hiyo imewarudisha wengi nyumbani ambao wangepaswa kubaki wodini.

Kwa hiyo, mtu yeyote aliyekula uyoga wa porini akaanza kutapika saa sita au zaidi baadaye, apelekwe hospitali yenye daktari na maabara, hata kama ni usiku, hata kama anasema anajisikia vizuri. Wapelekwe na wengine wote waliokula sufuria ileile, watoto kwanza, wenye dalili na wasio nazo. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni, vinapoteza muda. Chukua uyoga mbichi uliobaki, mzima na kitako chake, kwenye mfuko wa karatasi. Ukiwa haupo, chukua maganda yaliyotupwa au hata chakula kilichobaki. Andika saa uliyoliwa na saa dalili zilipoanza, maana daktari atakuuliza hizo mbili kabla ya kitu kingine.